Uso si Sufuria

Ingia saluni ya kiume Kariakoo, Mwanza au Mombasa jioni ya Ijumaa, utakuta mteja aliyekwisha kunyolewa bado hajaondoka. Amelazwa kwenye kiti, dada wa skrabu anamwosha uso kwa maji ya vuguvugu, anachota krimu yenye chenga kutoka kwenye kopo kubwa, kisha anamsugua mashavu, pua, paji la uso na kidevu mpaka povu linageuka rangi. Taulo la moto linafuata. Mwisho hupakwa spiriti au losheni inayochoma. Mteja anajitazama kwenye kioo, uso unang'aa, anaingiza mkono mfukoni bila kulalamika.

Raha ile ni ya kweli na sina nia ya kumnyima mtu. Lakini hesabu ngozi ilichopitia kwa muda huo mfupi: wembe, chenga, joto, spiriti. Kila kimoja kimeondoa kitu, na hakuna hata kimoja kilichorudisha. Siku mbili tatu baadaye vipele vinaota kidevuni na shingoni. Vipele vikipona vinaacha madoa meusi. Na huyu bwana, ambaye wiki chache nyuma alikuwa na uso usio na tatizo lolote, sasa anauliza dukani krimu ya kuondoa madoa. Wanawake hupita njia hiyohiyo, ila wao huanzia bafuni, wakiwa na dodoki au skrabu ya kopo.

Naandika sura hii kwa sababu naamini madoa mengi tunayohangaika kuyaondoa tumeyatengeneza wenyewe kwa kusugua. Uso hausuguliwi kama sufuria iliyoungua.

Tuanze na hicho tunachokisugua. Ngozi ya juu kabisa, ile unayoigusa ukipitisha kidole shavuni, ni seli zilizokwisha kufa. Zimelaliana tabaka kumi na tano hadi ishirini hivi, na unene wake wote haufikii unene wa karatasi ya daftari. Watu wakisikia neno kufa hudhani ni uchafu. Si uchafu. Tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee hewani na vijidudu visiingie. Ukilimaliza, umebaki na ngozi changa ambayo haijawa tayari kukutana na jua, vumbi wala sabuni.

Chini yake seli mpya huzaliwa kila siku na kusukumwa juu. Kwa kijana mwenye afya, safari ya kutoka chini mpaka kupukutika huchukua kama wiki nne hadi sita, na umri ukisogea hurefuka. Hakuna anayezisugua zipukutike. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya ngozi hukata viunganishi vinavyozishikanisha, na kazi hiyo vinaifanya vizuri pale penye unyevu na uchachu kidogo. Kwa kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho hushuka uchachu ukizidi, ngozi yenye afya iko karibu na 5. Sabuni nyingi za mche zina pH ya 9 mpaka 10. Kwa hiyo mtu anayeosha uso kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, akaishi kwenye baridi ya Njombe au chini ya kiyoyozi cha Dubai, anavizuia vimeng'enya vyake mwenyewe. Seli hazidondoki, zinang'ang'ania, uso unapauka. Naye akiuona umepauka, anachukua dodoki.

Mtu wa namna hiyo mara nyingi hahitaji skrabu hata kidogo. Anahitaji kisafishio laini kisicho na magadi makali na losheni yenye glisirini, apake uso ukiwa bado na unyevu. Nimeona nyuso nyingi zikirudi kuwa laini kwa mambo hayo mawili tu, na huwa napendekeza wiki kadhaa za hivyo kabla mtu hajanunua kitu kingine chochote.

Sasa rangi. Binadamu wote tuna idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza melanini. Kinachotofautiana ni kiasi cha rangi zinachotoa, ukubwa wa vifuko vyake na jinsi vinavyosambazwa. Kwa mtu mweusi seli hizi ni hodari, na ngozi ikiumia huzidisha kazi. Haijalishi jeraha ni dogo kiasi gani: chunusi iliyominywa, mkwaruzo wa chenga usioonekana kwa macho, muwasho wa krimu kali. Mzungu akisugua uso kupita kiasi huwa mwekundu, kesho yake wekundu umekwisha. Kwetu doa hubaki miezi, na rangi ikizama kwenye tabaka la ndani huweza kukaa miaka. Maelekezo mengi yanayokuja na vipodozi kutoka Ulaya na kwingineko hayakuandikwa kwa kuifikiria ngozi hii. Yanaposema tumia mara tatu kwa wiki, mimi husoma mara moja.

Chenga nazo hazilingani. Maganda ya mbegu na kokwa yaliyosagwa huwa na kingo zisizo sawa, mengine makali. Zamani kulikuwa na chembe za plastiki za mviringo. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa kwenye bidhaa za kusafishia mwaka 2015, Uingereza ikazipiga marufuku 2018, na sababu ilikuwa bahari na samaki. Kama ni lazima usugue, tafuta chenga laini inayoyeyuka ukiisugua, tumia ncha za vidole peke yake, na isizidi nusu dakika. Dodoki liache kwa miguu na mgongo. Likikaa bafuni na unyevu wake hufuga vijidudu, na usoni halina kazi.

Wanawake wa pwani walikuwa na utaratibu wao kabla ya makopo haya kufika. Singo anayosuguliwa bibi harusi wa Unguja hutengenezwa kwa mawaridi, asumini, kilua, mrehani na liwa, mti wa manukato, vikapondwa na kulainishwa kwa marashi ya mawaridi. Visiwani Komoro liwa husagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa usoni, huitwa msindzano, na Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji wana mussiro wao utokanao na mti mwingine. Utazame utaratibu wenyewe. Maua na majani yamelainika, yana unyevu. Anayesinga ni somo au mama mtu mzima anayejua mkono wake unabonyeza kiasi gani. Husingwa mwili mzima, kwa siku chache zinazotangulia harusi, na bibi harusi akiwa ndani hatoki juani. Baada ya hapo mwili huachwa. Kila sharti ninalolitaja katika sura hii, ulaini, upole, muda na kivuli, limo ndani ya desturi hiyo.

Hata hivyo singo ningeishusha kuanzia shingoni kwenda chini. Manukato ya maua, na zaidi karafuu ambayo wengine huiongeza, ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha mzio kwa watu wengi, na ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya mgongo. Liwa peke yake, iliyosagwa laini na kuoshwa kabla haijakauka ikapasuka, siioni na kosa kwa mtu ambaye ngozi yake inaikubali.

Vya jikoni havina maneno mengi. Limau na ndimu zina uchachu wa pH ya karibu 2, mkali mno kwa uso, na ndimu ikikutana na jua huweza kuunguza ngozi mpaka malengelenge na kuacha alama nyeusi za kutisha. Magadi yana kosa la upande wa pili. Dawa ya meno ni ya meno. Sukari ina pembe kali hata ukiiona imelowana. Mtindi ndio ninaoutetea, kwa sababu una asidi ya laktiki kidogo sana. Hautafanya muujiza, lakini hautakuumiza.

Asidi hiyo ya laktiki inatuleta kwenye njia ninayoipendelea. Mwaka 1974 watafiti wa Philadelphia, Eugene Van Scott na Ruey Yu, waliandika kuhusu wagonjwa wa iktiosisi, maradhi ambayo ngozi hukakamaa na kutoka magamba. Walikuwa wamewapaka asidi za familia moja inayopatikana kwenye miwa, maziwa na matunda, na magamba yakaachia. Asidi hizi hulegeza viunganishi vya seli, kazi ileile ya vimeng'enya, ili seli zidondoke zenyewe bila kukwanguliwa. Vipodozi vingi vya leo vya kuondoa seli zilizokufa vimetokana na kazi yao.

Uchaguzi baina yake si mgumu. Asidi ya glaikoliki ina molekuli ndogo kuliko wenzake, huzama haraka, kwa hiyo huleta mabadiliko mapema na huwasha mapema. Ya laktiki ni tulivu zaidi, tena huvuta unyevu, inawafaa wenye ngozi kavu. Ya mandeliki ina molekuli kubwa, hupenya polepole, na kwa ngozi nyeusi yenye madoa ndiyo ningeanza nayo. Ya salisiliki ni ya namna nyingine: huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia ndani ya vitundu vya ngozi na kuzibua. Mwenye uso wa mafuta, chunusi na vichwa vyeusi puani atafute hiyo, katika kiwango cha asilimia 0.5 hadi 2. Ipo pia ya azelaiki, ambayo hutuliza chunusi na kufifisha madoa kwa pamoja, na ambayo naiona haijapata sifa inayostahili madukani kwetu.

Kwa glaikoliki na laktiki, jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi Marekani lilisema mwaka 1998 kuwa bidhaa za kutumia nyumbani zisizidi asilimia 10, pH isishuke chini ya 3.5, na mtumiaji alindwe na jua. Mpaka huo bado naushika. Zile chupa za asilimia 30 na kuendelea zinazouzwa mitandaoni na kuletwa kwa bodaboda zinahitaji mtu aliyefundishwa, anayejua ni sekunde ngapi na kitu gani cha kuzizimulia. Kwenye ngozi nyeusi kosa la dakika moja huweza kuandikwa usoni kwa mwaka mzima. Wanaouza hawaandiki hilo.

Namna ya kutumia ni hii. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya, usubiri siku mbili. Ikiwa kimya, chagua usiku mmoja katika wiki. Osha uso kwa kisafishio laini na maji yasiyo ya moto, ukaushe kwa kugusagusa na taulo lako mwenyewe, subiri ukauke kabisa, kwa kuwa ngozi yenye maji hupitisha asidi upesi zaidi. Paka kiasi kidogo, ukiepuka macho, pembe za pua na midomo. Mchomo mdogo wa dakika moja mbili unaweza kutokea. Ukizidi hapo, suuza. Halafu losheni. Baada ya mwezi, uso ukiwa haujanung'unika, unaweza kufika mara mbili kwa wiki, na wengi hawahitaji zaidi. Usiku wa asidi haupaswi kuwa usiku wa retinoli, kipodozi cha jamii ya vitamini A, wala wa skrabu. Mwenye pumu ya ngozi, mwenye kidonda cha homa mdomoni, aliyetoa nywele kwa nta siku hiyo, na anayemeza vidonge vya isotretinoini vya kutibu chunusi, wote waahirishe. Mjamzito aache kabisa retinoli na jamaa zake. Laktiki na azelaiki kwa kawaida hazina tatizo, ila amwonyeshe chupa muuguzi wa kliniki.

Kwa wanaume wenye ndevu za kujikunja kuna nyongeza. Unywele mgumu uliokatwa karibu sana na ngozi huchongoka, hujipinda na kurudi kuchoma ngozi uliyotoka. Ndicho chanzo cha vipele vya ndevu, na kuvisugua ni kuvitonesha. Mwambie kinyozi aache ndevu fupi kidogo badala ya kuzikwangua, skrabu isifanyike siku ya kunyoa, na losheni ya glaikoliki nyepesi itumike siku ambazo wembe haukupita. Taulo na mashine visafishwe baina ya mteja na mteja. Una haki ya kuuliza.

Asidi kama glaikoliki na laktiki huiacha ngozi dhaifu mbele ya jua, na udhaifu huo huendelea kama wiki nzima baada ya kuziacha. Tunaambiwa weusi wetu unatosha. Unasaidia, ndiyo: vipimo vya miaka ya 1970 vilionyesha ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokaribia 13 kwa kipimo cha kinga ya jua kiitwacho SPF, ilhali nyeupe ina 3 hivi. Lakini 13 haitoshi kwa aliyeondoa tabaka la juu jana usiku, na madoa hukolezwa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, si miale ya urujuanimno pekee. Kwa hiyo losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na kwa wenye madoa iliyo bora ni ile yenye rangi ya udongo, kwa sababu rangi hiyo ni oksidi ya chuma na ndiyo inayozuia mwanga huo. Tena haikuachi uso wa majivu. Anayeona bei inamshinda, na bei kweli zinaumiza, avae kofia pana au ashike mwavuli, na aziache asidi mpaka atakapomudu vyote viwili.

Wenye ualbino karibu hawana kinga ile ya asili. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, na ni moja ya kazi za afya ya ngozi ninazoziheshimu zaidi katika ukanda huu. Kwao asidi wala skrabu si vitu vya kujaribu nyumbani. Ngozi yao iwe mikononi mwa daktari.

Nimefika kwenye sehemu inayonikera, nayo ni kaunta ya duka. Aliyepata madoa huambiwa ipo krimu ya siku saba. Ndani yake mara nyingi huwa kuna kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote vimekorogwa pamoja. Kuna zebaki, ambayo huzuia melanini na kuharibu figo, na hugusa hata mtoto anayebebwa na mama aliyeipaka. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walisumishwa na zebaki kupitia samaki, ulikubaliwa 2013 na kuanza kazi 2017, na ukaweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Bado vinauzwa. Kuna steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, dawa za hospitali zinazotuliza kila kitu kwa wiki za mwanzo na kuifanya ngozi nyembamba yenye vishipa vinavyoonekana. Na kuna hidrokwinoni isiyo na usimamizi. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini aliripoti wagonjwa waliopata weusi wa rangi ya samawati mashavuni, mahali palepale walipokuwa wakiipaka ili waonekane weupe. Weusi ule hauondoki kwa urahisi. Nchi yake iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990.

Tanzania imevikataza viambato hivi kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi uko chini ya shirika la viwango, TBS. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya shirika la viwango la huko, KEBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila kibanda, kwa hiyo jifunze kusoma kopo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Asidi unayoilipia ikiwa imetajwa mkiani, baada ya manukato, umenunua manukato. Kopo lisilo na orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wala jina la mtengenezaji, liache mezani hata kama muuzaji ni shangazi yako. Likionya lisigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, hilo ni onyo la zebaki. Yenyewe huandikwa kwa majina mengi, kalomeli likiwa mojawapo, au kwa alama Hg. Krimu iliyochotwa kutoka kwenye ndoo na kupimwa kwa kijiko haina lebo ya kusoma, na hilo pekee latosha kuikataa.

Kama tayari umezidisha, uso wenyewe utakwambia. Unabana baada ya kuoshwa, unang'aa kama nailoni, maji matupu yanachoma, losheni uliyoizoea miaka yote inawasha. Acha kila kitu kinachofanya kazi: asidi, retinoli, skrabu, toneri. Osha kwa maji asubuhi, kisafishio laini usiku, losheni isiyo na manukato, na juu yake mafuta ya mgando kidogo kwenye sehemu zilizokauka. Losheni ya jua mchana kama ngozi inaivumilia, kivuli kama haiivumilii. Wiki mbili hadi nne kwa kawaida zinatosha kwa tabaka kujijenga upya. Madoa yatachukua muda mrefu zaidi, na katika muda huo usiyaguse.

Aliyetumia mkorogo wa steroidi kwa miezi ana njia tofauti. Akiacha ghafla, uso huweza kulipuka kwa wekundu, uvimbe na vipele kuliko mwanzo, na wengi hapo hurudi dukani wakidhani bila krimu hawaponi. Aende kwa daktari wa ngozi kabla hajaacha, ili apunguziwe kwa mpango. Achukue na kopo lenyewe hata kama lebo imebanduka, na aseme ukweli kuhusu muda alioitumia, maana dozi ya kupunguzia hupangwa kwa kuangalia vitu hivyo viwili. Mwenye wasiwasi wa zebaki aombe kupimwa mkojo na figo, na kopo lake alifunge ndani ya mfuko amkabidhi daktari badala ya kulitupa jalalani.